Eda Yangu na Barafu ya Haifa

Thornton Heath, London

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Daftari hili ni la binti yangu Haifa. Aliandika kurasa mbili za jiografia, mito ya Ulaya, kisha akalitupa chini ya kitanda. Nimezichana hizo mbili nikalichukua, kwa sababu leo ni siku ya kumi na mbili nimo ndani, na nisipoipa mikono yangu kazi nitaanza kugombana na kuta.

Mume wangu Muhsin alifariki Alhamisi, tarehe 22 Oktoba, asubuhi, kazini kwake posta. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Tulimzika Ijumaa baada ya sala, nami nikaingia eda: miezi minne na siku kumi. Sitoki ila kwa dharura, sijipambi, sijitii manukato, siolewi. Hilo la mwisho halinisumbui.

Kazini kwangu, nyumba ya wazee ninakofua mashuka, walitaka kujua nitarudi lini. Wifi yangu Mardhiya, dada yake Muhsin, amehama kwake Barking ili akae nami mpaka nimalize. Yeye ndiye aliyejaza fomu. Akaandika mwisho wa eda: 4 Machi. Kisha akaiandika tena kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Kila nikitaka maziwa naisoma.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua. Wageni saba kutoka Barking, vikombe kumi na vinne.

Jumamosi, 7 Novemba

Saa kumi na moja u nusu alfajiri honi ililia mara moja, kwa adabu. Ni Parminder, mama wa Lila, msichana anayeteleza barafuni pamoja na Haifa. Parminder amezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake ni kile alichokiokota dukani kwa baba yake. Siku ya msiba alisimama mlangoni na sufuria ya wali wa dengu, akaniambia, “Mama Haifa, wewe hapana sumbuka. Jumamosi mimi tapeleka yeye.” Na kweli amekuja.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisoma. Mchezo huu sikuupenda. Haifa alikuwa na miaka minane shule ilipowapeleka kwenye uwanja wa barafu, akarudi magoti mekundu na furaha ya kutisha. Nikasema mtoto wa kike wa watu wa Wete hawezi kuzunguka mbele za watu na sketi ya shubiri moja. Muhsin akasema, “Ghalia, kule kuna baridi, nani atakaa akodoe macho?” Wakaenda. Mimi nikaomba zamu za Jumamosi kazini, makusudi, ili nisiulizwe kwa nini sikwenda. Miaka mitano hiyo. Muhsin hakukosa hata siku moja.

Haifa hunijibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, kwa kuwa daftari sasa ni langu.

Jumapili, 15 Novemba

Mardhiya amenikataza kukaa dirishani. Ati mpita njia ataniona. Mpita njia wa mtaa huu ni paka na mtu wa gazeti.

Jumapili, 29 Novemba

Leo nina mengi.

Haifa aliweka barua mezani, katikati ya sahani zetu, akaenda kusimama kando ya sinki. Ni ya klabu yao. Amechaguliwa kuingia mashindano ya ubingwa wa vilabu vya kusini, wasichana chini ya miaka kumi na minne. Jumapili, tarehe 28 Februari. Watazamaji wanakaribishwa.

Macho yangu yalikwenda kwenye friji. Tarehe nne Machi. Siku nne tu.

“Mwanangu, hongera,” nikasema. “Lau ingekuwa wiki moja mbele, ningekuja.”

“No, you wouldn’t,” akasema. Hilo naliacha kama lilivyo.

Mardhiya akamwambia, “Haifa, mamako unamsemeza vipi?”

Haifa hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alisema eda ina miezi michache na mimi nina miaka mitano ya kutokwenda. Alisema sasa nimepata sababu nzuri, na hakuna atakayenilaumu. Kisha akasema, “Baba alikuwa anakuja. Sasa hakuna mtu. Nikiruka vizuri, nani ataona?” Akachukua barua yake akapanda juu.

Mardhiya alianza kusema juu ya watoto wa siku hizi. Nikamwomba anyamaze. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nikalia hapo hapo kwenye sinki. Nimeona haya. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na aliyelisema nimemzaa mimi.

Nataka kwenda. Naandika wazi ili kesho nisijidanganye. Nataka kukaa kwenye uwanja huo tarehe 28 Februari nimwone mtoto wangu, na kuivunja eda ya Muhsin siwezi.

Jumanne, 8 Desemba

Nimempigia simu sheikh wa Barking. Nimemuuliza kama mjane anaweza kutoka mchana mmoja kwa ajili ya haja ya mwanawe.

“Haja gani, dada yangu? Hospitali?”

“Mashindano.”

“Mashindano ya Kurani?”

“Ya kuteleza kwenye barafu.”

Nilisikia mtoto wake akikariri alifu bee tee nyuma. Mwisho akasema kwa upole kuwa hiyo si dharura, nistahimili, nimalize muda wangu kwanza. Nikamshukuru, nikaweka simu.

Jumapili, 20 Desemba

Ramadhani mosi. Jua linazama kabla ya saa kumi, unafuturu na watoto wa shule bado wako njiani. Swaumu ya London wakati wa baridi ni ya kudekeza. Muhsin angesema hivyo, na angekula sambusa kumi.

Jumamosi, 2 Januari 1999

Haifa anafanya mazoezi na saumu yake. Nilimwambia apumzike mwezi huu, akasema majaji hawapumziki. Parminder anaweka tende kwenye gari, wakirudi kutoka mazoezi ya jioni humpa moja moja mpaka wafike kwetu. Mtu wa dini nyingine anajua saa ya magharibi kuliko mimi.

Kuna mruko mmoja unamtesa, wanauita dabo akseli. Mizunguko miwili na nusu hewani, kisha unatua kwa mguu mmoja ukirudi nyuma. Nimeona alama zake pajani akipita na taulo: buluu, manjano, zambarau.

Jumanne, 19 Januari

Idi. Tumekula, tumelia, tumekula tena.

Jumapili, 31 Januari

Mwalimu wao, Emma, amempa Haifa nguo ya kuazima ya mashindano, kijani, haina mikono, mgongo wazi. Haifa aliificha ndani ya begi, lakini Mardhiya ni fundi cherehani na pua yake inanusa kitambaa kupitia zipu. Akaitoa, akaitandaza mezani. Nilijua sasa patachimbika.

“Nani kashona hii?” akauliza. “Mshono wenyewe umekwenda upogo. Mtoto akinyanyua mkono itafumuka mbele ya majaji.”

Akaifumua yote. Haifa alisimama mlangoni mkono mdomoni. Baada ya adhuhuri mpaka alasiri cherehani ililia, na nguo ikatoka na mikono mpaka viganjani, mgongo umefunikwa, sketi imeongezwa pindo na bado inapeperuka. Chini yake taiti nyeusi nzito. Haifa akaivaa, akainua mguu nyuma mpaka ukakaribia kichwa, hapo sebuleni, kati ya kochi na televisheni. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akifanya chochote.

“Mikono haiumwi na baridi,” akasema. Kwa shangazi yake hiyo ni shukrani ya kutosha.

Ijumaa, 12 Februari

Theluji kidogo, imeyeyuka. Zimebaki siku ishirini za friji.

Alhamisi, 18 Februari

Dada yangu Suad amepiga simu kutoka Wete. Amesema habari za mama, habari za umeme, habari za bei ya karafuu, kisha akasema, “Haya, mwezi umeandama jana. Leo Mfunguo Pili mosi. Zimebaki kumi zako.”

“Kumi zipi?”

“Za eda. Kwani huko mnahesabu nini?”

Nikasema tarehe nne Machi.

“Nne Machi ndiyo nini? Shemeji kafa mwezi mosi Rajabu, sote tumeandika. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi. Nne hizo. Ongeza kumi. Jumamosi ijayo, jua likizama, umetoka.”

Nilikaa kwenye ngazi na mkono wa simu mapajani. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa tasbihi. Suad kasema kweli. Sisi, watu tuliofunga kwa mwezi na kula Idi kwa mwezi, eda tumeihesabia fomu ya kazini. Mwajiri alitaka tarehe ya Kizungu, Mardhiya akampa miezi minne ya Kizungu, na wote tukaisoma kwenye friji mpaka ikawa sheria. Wageni mia wamepita jikoni humu na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi jua likizama. Jumapili ni mashindano.

Nilimwambia Mardhiya. Akatazama karatasi yake nyekundu, akawa mwekundu yeye. Kisha akasema, “Basi tungoje hiyo hiyo ya nne. Tahadhari ni bora. Na watu arobaini nshawaalika waje kukutoa eda Jumapili ya tarehe saba, nitawaambia nini?”

“Waambie tumekosea hesabu.”

“Na uende wapi asubuhi yake? Kwenye mchezo? Watu watasema mjane kavua kaniki usiku, asubuhi yuko uwanjani anapiga makofi.”

“Waseme. Wewe ndiye uliyenifungia siku tano zisizo zangu.”

Nilisema zaidi ya hayo. Nilimwambia amejifanya askari wa gereza nyumbani kwangu. Nilimwambia dirisha ni langu na mume ni wangu. Hapo ndipo alipovuta kiti akakaa.

“Mumeo,” akasema. “Weye umepewa miezi minne na siku kumi. Mie n’mepewa siku tatu. Siku ya nne kazini walin’pigia, suruali za watu hazijakunjwa. Ningekuwa kwangu Barking, nani angen’uliza kama n’mefiwa na kaka?”

Sikuwa nimelifikiri hilo. Mke ana eda, dada ana siku tatu tu. Miezi hii yote nilimwona kama mlinzi, kumbe alikuwa anakaa eda yangu pembeni yangu, hataki iishe. Niliinuka nikampa chai. Hakuna lililoamuliwa.

Jumamosi, 20 Februari

Mardhiya mwenyewe amempigia sheikh, mlango wazi ili nisikie. “Ndiyo, sheikh.” Akatikisa kichwa. “Hata siku moja?” Akaweka simu.

“Hesabu ni ya mwezi,” akasema, “na siku zikitimia haziongezwi. Kasema kuongeza maombolezo nako ni makosa.” Akaenda jikoni akabandua karatasi. “Tarehe saba watakuja kwenye khitma tu. Chakula ni kile kile, watasahau.”

Nilipanda kumwambia Haifa. Akasema “OK,” akafunga mlango. Baada ya muda akaufungua. “Si lazima,” akasema. Nikamwambia najua.

Jumanne, 23 Februari

Maagizo ya Haifa kwa mtazamaji, kama alivyoniambia akiwa na mswaki mdomoni. Blanketi, kwa sababu viti vinagandisha. Usiniite jina. Anayeanguka anapigiwa makofi kama asiyeanguka, na zaidi. Usitembee muziki ukilia. Alama ya juu kabisa ni sita na hakuna anayeipata, kwa hiyo usishtuke. Shangazi asipige vigelegele.

Mardhiya, aliyekuwa anasikiliza kwenye ngazi, aliuliza kwani nani kasema yeye anakwenda.

Jumamosi, 27 Februari

Jua limezama saa kumi na mbili kasorobo. Nimeoga. Mardhiya alinimwagia maji ya mwisho kichwani, akanifukiza udi, akanivika kanga mpya. Sikulia. Yeye alilia kwa niaba yetu. Kisha akauliza kesho tunabeba thamosi ngapi, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumapili, 28 Februari

Mguu wangu wa kwanza nje baada ya miezi minne uliingia kwenye gari la Parminder. Kwenye barabara kuu kulikuwa kumefunguliwa duka jipya la simu na kufungwa la samaki.

Uwanja ni ghala kubwa lenye baridi ya jokofu na harufu ya chipsi. Nilikuwa nimejitayarisha kuona haya, nikakuta kina mama wamejifunika mablanketi mpaka puani wakila mikate, na akina baba wakikimbia kutafuta pini za nywele. Majaji saba wamepangwa kando ya barafu na makoti yao, wamejikunyata kama walionyimwa chai. Hakuna aliyekuwa amekuja kukodolea miguu ya mtu. Muhsin alisema kweli, na mimi nilikataa kuja kuhakikisha.

Tulikaa safu ya nne, Mardhiya kulia kwangu, Parminder kushoto. Wasichana kumi na wanne. Tulimwona Lila, aliteleza vizuri, Parminder akatafuna ncha ya shali yake yote. Tulimwona mmoja aliyeanguka mara tatu, na uwanja mzima ukampigia makofi mpaka akatoka. Mardhiya alipiga kuliko wote. “Masikini, mtoto wa watu,” akawa anasema.

Kabla ya kundi la Haifa, mashine ya kulainisha barafu iliingia kuzunguka. Parminder akaniinamia.

“Mama Haifa, yeye kiruka, mimi tasema wewe. Tasema ‘kwisha, nasimama.’ Halafu wewe nafungua macho. Kama bwana.”

“Kama bwana vipi?”

“Bwana yako yeye hapana angalia. Miaka tano. Muziki naanza, yeye natazama viatu yake, nashika kiti hivi, nasoma dua. Mimi nasema, ‘Muhsin, nasimama,’ ndiyo nainua kichwa. Saa ingine nasema naanguka, yeye nauliza, ‘Damu?’ Yeye naogopa sana.”

Mardhiya alianza kucheka, kisha ikawa kilio, kisha kicheko tena. “Ndiye kaka yangu huyo,” akasema. “Hata kuku akichinjwa alikuwa anakimbilia chooni.”

Mimi sikujua nicheke au nikasirike. Miaka mitano nimemwonea wivu kwa kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho. Watu husema macho hayana pazia. Ya Muhsin yalikuwa nalo, na hakuniambia. Kila Jumamosi alikuwa akirudi na kusema, “Leo karuka, Ghalia, ungemwona,” na maneno yote yalikuwa ya Parminder. Lakini alikwenda. Aliogopa kiasi hicho, na bado alikwenda kila wiki akashika kiti. Mimi sikuogopa kitu, na sikwenda.

Wakaita jina la Haifa, wakaliharibu. Akaingia katikati na nguo yake ya kijani, akasimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Parminder akanishika mkono.

“Niache,” nikamwambia. “Nitatazama.”

Nilitazama. Alianza polepole, akizunguka ukingoni, na sauti ya vyuma vyake ilisikika juu ya muziki, kwarakwara ya kisu na mkate mkavu. Sikujua kama ndivyo inavyosikika. Aliongeza mwendo, akageuka, akaruka. Niliona mwili ukipinda vibaya kabla hajatua. Akaanguka kwa ubavu wa kushoto, akateleza mbali, taiti ikawa nyeupe kwa barafu. Mardhiya alifunika uso. Mimi sikupepesa. Haifa akaweka kiganja cha kulia chini, akainuka, akautafuta muziki akaupata.

Kama dakika mbili baadaye, mbele ya majaji, alirudi kwenye mruko ule ule uliomwangusha. Parminder alisema kwa mnong’ono, “Hapana, hapana, huu tena hapana kwa programu.” Akaruka. Nikahesabu, moja, mbili, na nusu. Akatua kwa mguu mmoja, akayumba, mikono ikafunguka, akabaki amesimama. Mdomo ulikuwa wazi. Mardhiya akatoa kigelegele kilichokatazwa, na sikumzuia.

Alama zilikuwa tatu na pointi, nne na pointi. Amekuwa wa tisa.

Nilimkuta ukumbini nyuma, ameketi kwenye benchi na viatu bado miguuni. Mardhiya na Parminder walibaki nyuma wakijifanya wanapanga thamosi.

“Nimekuona,” nikasema.

Alikuwa anatazama kamba za viatu. “Baba pia alikuwa anasema hivyo.” Kisha akauliza, “Nimeangukia upande gani?”

“Kushoto. Umeinukia mkono wa kulia.”

Akaacha kamba.

“Na wa pili umeruka mbele ya majaji. Umetua ukayumba kidogo, mkono wa kushoto ukaenda juu kuliko wa kulia. Mdomo umeachama.”

“Siyo.”

“Umeachama, mwanangu. Nzi angeingia.”

Alinitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu Oktoba. “Kutoka kwenye barafu nilikuwa naona kipara chake,” akasema. “Siku zote. Sikumwambia kama najua.” Akapangusa barafu kwenye taiti. “Ule wa pili sijawahi kuupata, Mama. Hata kwenye mazoezi. Ilikuwa mara ya kwanza.”

Nilikaa kando yake kwenye benchi. Akaweka mguu wake mapajani mwangu, kiatu na chuma chake kilicholowa, nikaanza kufungua kamba. Na kwa Kiswahili chake anachokitumia mara mbili kwa mwaka akasema, “Nieleze tena. Huo wa pili. Nilikuwaje?”

Nikamweleza tena, toka alipoanza kuongeza mwendo.